Bodi Isiyowahi Kuonja Umeme Mdogo

Simu ya Zehra ilinikuta dukani kwangu Tandika, nimeifungua simu ya mteja na skrubu zake nimezipanga juu ya kitambaa. Akaniambia baba yake, Bwana Murtaza, amefariki alfajiri, usingizini. Nikasema inna lillahi, nikampa pole, kisha nikaimalizia ile simu ya mteja ndipo nikafunga duka. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kuandika kwamba niliacha kila kitu nikakimbia, lakini mikono yangu ina tabia ya kumaliza ilichoanza, na sijawahi kujua kama hiyo ni sifa au ni ugumu wa moyo. Kesho yake nikavaa baibui nikaenda msibani kwao Chang'ombe. Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye zulia, mmoja anasoma, wengine wanalia taratibu, watu waliojuana tangu utotoni. Nilimpa mjane mkono, nikakaa kidogo, kisha nikafanya ninachofanyaga nikizidiwa na watu: nikaenda jikoni kutafuta cha kuosha. Kwenye sinki alikuwa amesimama mwanamke aliyejitanda mtandio wa kuazima, umemkaa upande, anasugua sufuria la maziwa. Alipogeuka nikaona ni Yusta. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule tulipokuwa watatu, Bwana Murtaza, yeye na mie, tukatengeneza kitu kilichokwenda juu kuliko ndege, na kitu hicho kikamkosesha yeye maisha aliyokuwa akiyangoja.

Watu wakisikia habari hii hudhani palikuwa na jengo la vioo. Palikuwa na nyumba ya kupanga Gongo la Mboto, ndani kidogo kutoka barabara ya Pugu, upande ambao ukiamka mapema unawasikia wanajeshi wakikimbia na nyimbo zao. Sebuleni tuliweka meza mbili ndefu na hadubini moja. Chumba cha nyuma tulikitandika plastiki sakafuni, tukaziba dirisha kwa nailoni, na kabla ya kuingia ulitakiwa uvue viatu na ujipanguse mwili mzima, maana Bwana Murtaza alisema chembe moja ya vumbi la Gongo la Mboto ikikaa pabaya itasafiri bure mpaka mbinguni na sie tutabaki chini tunajuta. Yeye alikuwa injinia aliyesomea nje akarudi. Kwao ni watu wa maduka, Wahindi Ithnaasheri wa siku nyingi hapa mjini, ila yeye duka lilimshinda, akawa anatengeneza na kuuza stabilaiza, yale maboksi ambayo kila mwenye friji Dar anayajua: umeme ukishuka au ukizidi, boksi linakata lenyewe, tak, friji isiungue. Alijivunia maboksi yale kuliko shahada yake. Mie alinikuta kwenye kibanda cha simu Temeke, nina kidato cha pili na bloa ya kuazima, ile ya hewa moto ya kulainisha lehemu, akasimama nyuma yangu akitazama ninavyong'oa chipu na kuirudisha bila kuichoma. Akaniuliza kama ninaweza kazi ndogo zaidi ya ile. Nikasema sijui. Akasema hilo ndilo jibu alilokuwa analitafuta, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa ananitania.

Akili ya jambo lenyewe ilikuwa ya Yusta. Alikuwa ametoka chuo kikuu karibuni, mtu wa Bukoba, mrefu, anayeongea polepole kama anayechagua maneno sokoni, na alinieleza kazi kwa subira ambayo sina hakika kama niliistahili. Setilaiti, alisema, ni mashine iliyo peke yake. Ikizima na kuwaka tena lazima ikumbuke ilipoishia: picha ilizopiga, amri ilizopewa, iko wapi na saa ngapi. Kwa hiyo inahitaji kumbukumbu isiyofutika umeme ukiondoka, kama simu inavyoshika namba zako hata betri ikiisha. Shida ni kwamba huko juu kuna miale inayopenya ndani ya chipu na kugeuza sifuri ikawa moja na moja ikawa sifuri, na hakuna fundi wa kupanda kwenda kuirekebisha. Chipu zinazostahimili miale hiyo hatukuzimudu. Dawa yake Yusta ilikuwa chipu tatu za kawaida kwenye bodi moja, yaani kibao kimoja cha saketi. Kila kitu kinaandikwa kwenye zote tatu, na kila kinaposomwa zinalinganishwa. Mbili zikikubaliana na moja ikatofautiana, ile moja inahesabiwa imekosea, inaandikwa upya ifanane na wenzake. Tuliita kupiga kura.

Na sie tukaiga. Ilianza kwa utani, siku tuliyobishana kama tuagize wali au chipsi. Bwana Murtaza akasema na sisi tuko watatu, tunyooshe mikono, na atakayeshindwa ajiandike upya. Tukala wali. Baadaye utani ule ukawa sheria ya nyumba, na sehemu yake kubwa ilikuwa hiyo ya mwisho: aliyeshindwa hanuni, haburuzi miguu, anafanya kazi kana kwamba wazo lilikuwa lake. Niliipenda sheria ile kupita kiasi. Sikuwa nimewahi kukaa mahali ambapo mkono wangu ulikuwa sawa na mkono wa mtu mwenye shahada, na nadhani, nikijitazama kwa haki, nililipenda lile la kuhesabiwa kuliko nilivyojiuliza kama nakielewa ninachokipigia kura.

Mchana mama ntilie wa jirani alituletea wali maharage kwenye hotipoti, na siku za Ijumaa mke wa Bwana Murtaza alituma katlesi na chai ya maziwa yenye tangawizi, tukala barazani kwa sababu chakula hakikuruhusiwa kukaribia meza. Mtaa ulituchukulia mafundi ving'amuzi. Mama mwenye nyumba aliposikia tunatengeneza kitu cha kwenda angani alimwambia Yusta, basi mwanangu, mkifika huko mnitazamie, chaneli ya tamthilia inakwamakwama. Kando yetu alikuwepo fundi mageti, anachomelea vyuma tangu asubuhi, na huyo ndiye aliyetuona vichaa kabisa, kwa sababu ya umeme. Bodi ilitakiwa ijaribiwe kwa kukatiwa umeme ghafla katikati ya kuandika, mara nyingi iwezekanavyo, halafu tuone kama imekumbuka. Bwana Murtaza akasema kwenye nchi za watu wananunua mashine ya kufanya hivyo, sisi tunayo bure. Ikawa bodi inaandika kutwa, na sie tunangoja umeme ukatike. Ukikatika, mtaa mzima unasikia ile sauti ya watu kuguna kwa pamoja, nyumba kwa nyumba, na humo ndani watu watatu wanapiga makofi. Fundi mageti alichungulia siku moja mkono umeshika kinyago chake, akauliza, "Nyie mnalipwa na nani kushangilia giza?" Bwana Murtaza alicheka mpaka akakohoa. Umeme uliporudi, bodi ilikumbuka kila kitu. Ilikumbuka kila mara. Mie ndiye niliyezilehemu zile chipu, na ningesema uongo nikisema sikujiona mtu.

Sasa niseme kilichokuwa kinangojewa. Nafasi ya kurusha bodi tuliipata kwa chuo kimoja cha nje kilichokuwa na setilaiti ndogo na kikakubali kubeba bodi za wengine zijaribiwe humo. Walikuwa wameahidi kwamba mbunifu wa bodi itakayostahimili, watamchukua akasome kwao. Bwana Murtaza angeweza kuandika jina lake. Aliandika la Yusta, na hakulizungumza, tuliona tu kwenye karatasi. Yusta alianza kuweka akiba ya nguo za baridi kwenye begi chini ya kitanda, maana alilala palepale kwenye chumba cha mbele, na jioni alikuwa akijifunza kwa sauti ya chini namna ya kujieleza mbele ya maprofesa. Siku moja alinitumia mie kama profesa. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza, nami nikatikisa kichwa kama nimeelewa, tukacheka.

Zikiwa zimebaki siku chache bodi isafirishwe, Yusta alikuwa barazani kwa mama mwenye nyumba akinywa maji, fundi mageti akawa anachoma geti zito. Kila alipogusa chuma, taa ya barazani ilinywea ikawa nyekundu, kisha ikarudi. Yusta akaingia ndani bila kuvaa kandambili zake, akasimama mbele ya meza yetu. Pale mezani taa hazikuwahi kuwa nyekundu. Zilikuwa zinawaka au zimezima, basi, kwa sababu kila waya wa nyumba yetu ulipita kwenye stabilaiza ya Bwana Murtaza, na umeme ulipodhoofika boksi lilikata, tak, safi kabisa. Hakuna aliyelifikiria. Nani Dar anachomeka kitu cha thamani moja kwa moja ukutani? Ila setilaiti, Yusta alituambia, ikiingia kwenye kivuli cha dunia na betri yake imechoka, umeme wake haukatiki. Unanywea, kama taa ya barazani. Na chipu inayoandika huku umeme unanywea haijui kwamba inaandika ovyo. Alitaka aongeze kipande kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, cha kuchunga umeme: ukishuka tu, kinaizuia bodi isiandike. Kipande alikuwa nacho. Kazi ya kukiweka ingekuwa yangu.

Kabla ya kura kuna jambo, na nalileta hapa kwa sababu nisipolileta nitakuwa nimejipendelea. Asubuhi ya siku hiyo ya kura, wakati napangusa vumbi kwenye korido, nilimsikia Yusta chumbani kwake akiongea na dada yake kwenye simu. Alikuwa anamweleza wasiwasi wake, kisha akasema, "Tupo watatu lakini ni kama tupo wawili. Yule fundi simu mkono wake unafuata wa bosi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Niliendelea kupangusa. Nimejiuliza miaka yote kama neno lile lilinyoosha mkono wangu au halikunyoosha. Kama ningetaka kumwonyesha kwamba simfuati bosi, ningempigia kura yeye. Kama ningetaka kumkomoa, ningefanya nilichofanya. Na kama sikuwa nataka lolote, bado ningefanya nilichofanya. Ndiyo maana sipati jibu, kila upande una ushahidi.

Tulikaa mezani kati ya saa sita na saa saba, chakula kimefunikwa barazani. Yusta alisema, "Bodi yetu haijawahi kuumwa. Imekufa na kufufuka tu. Kuumwa haikujui."

Bwana Murtaza alijibu kwamba wenye setilaiti wameandika kuwa umeme wao hautashuka chini ya kiwango, na wameweka sahihi.

"Na umeme wetu hapa, nao si uliwekewa sahihi?" Yusta akasema, na Bwana Murtaza akatabasamu, maana lilikuwa pigo zuri. Lakini akanigeukia mie. Aliuliza swali la haki, na sitamsingizia maiti kwamba alinitega. Aliniuliza kama kipande kile na waya wake, nikivilehemu kwa mkono juu ya bodi iliyokwisha kutengenezwa, vitastahimili mtikisiko wa roketi.

"Sijui," nikasema. "Waya unaweza kukatika."

"Ukikatika?"

"Utagusa njia nyingine. Bodi yote itakufa."

Hiyo ilikuwa kweli. Niliyoyasema yote yalikuwa kweli, na hakukuwa na muda tena wa kuipeleka bodi kutikiswa kwenye mashine tuliyokuwa tumeiazima mara ya kwanza. Yusta alinitazama. Alisema anaamini lehemu yangu kuliko anavyoamini karatasi ya watu. Nilitazama chini. Bwana Murtaza akasema wanaotaka iende kama ilivyo wanyooshe, akanyoosha wake, polepole, bila furaha. Nikanyoosha wangu. Yusta akasema, "Sawa. Mbili kwa moja," na kwa sababu alikuwa mtu wa sheria ile kuliko sie tulioitunga, ndiye aliyeifungasha bodi kwa mikono yake, akaipangusa, akaikunja kwenye karatasi yake ya rangi ya fedha, akaandika jina lake kama mbunifu pale lilipotakiwa.

Roketi tuliitazama kwenye kompyuta, sie na mama mwenye nyumba na fundi mageti aliyekuja na chapati zake, na ilipopanda fundi mageti akasema kwa upole, kumbe kweli. Wiki za mwanzo habari zilikuwa nzuri. Bodi ilikumbuka. Miale iligeuza vitu humo ndani na kura zikavirudisha, kama Yusta alivyosema itakuwa. Kisha ikaja majira ambayo setilaiti ilikaa kivulini muda mrefu zaidi, na betri yake haikuwa imara kama ilivyoandikwa. Yusta ndiye aliyetusomea barua pepe, amesimama. Hakubadilisha sauti. Akatueleza kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, kwamba chipu zote tatu zilikuwa zinaandika kwa pamoja wakati umeme unanywea, zikaandika makosa yaleyale. "Kwa hiyo zilipolinganishwa," akasema, "hakuna iliyopinga." Chuo kilitushukuru. Nafasi ilikwenda kwa watu wa bodi nyingine.

Hakutuambia, "Nilisema." Neno hilo ningeweza kuishi nalo. Bwana Murtaza aliandika barua kwao akisema uamuzi ulikuwa wake na mbunifu alikuwa ameonya, wakamjibu kwa adabu kwamba wamekwisha kufunga majina. Yeye aliandika. Mie sikuandika. Nilijiambia sina Kiingereza, lakini Zehra alikuwa nacho na angeniandikia kwa dakika chache, wala sikumwomba. Yusta aliondoka na basi la Bukoba na lile begi la nguo za baridi, na kabla ya kuondoka aliosha kikombe chake akakigeuza kichwa chini kwenye rafu, kana kwamba atarudi kesho. Nilisikia baadaye anafundisha fizikia sekondari huko kwao. Bwana Murtaza alirudi kwenye stabilaiza akanichukua nimsaidie, na kazi ile ndiyo iliyonilea mpaka nikafungua duka langu. Yaani nikiangalia nani alipata nini kwa mikono iliyonyooshwa mchana ule, mie nilipata. Sikuomba, lakini nilipata, na kila mwezi nilipoupokea mshahara nililiona lile begi.

Jikoni Chang'ombe tuliosha vyombo bega kwa bega. Aliniuliza watoto, nikamuuliza shule. Akasema wanafunzi wake anawafundishaga umeme kwa kuwasha taa na pasi kwa pamoja, ili waone taa inavyonywea, na hakuniangalia aliposema hivyo. Nilitaka kuomba radhi, nikaanza vibaya, nikasema habari ya waya na mtikisiko. Akanizuia kwa mkono wenye sabuni.

"Nikuulize kitu, Mwaju, na usinijibu haraka. Turudishwe siku ile. Usijue kingine zaidi ya ulichokijua siku ile. Mkono ungeuweka wapi?"

Kumfariji ilikuwa rahisi. Lilikuwa neno moja, la bure, na mtu amesafiri kutoka Bukoba, na marehemu hayupo wa kukasirika. Kutoka sebuleni sauti ya msomaji ilikuwa inapanda. Nikajirudisha pale mezani kwa kadiri nilivyoweza. Nikaupima waya ule, nikaipima ile karatasi yenye sahihi, nikaisikia tena sauti yake kwenye korido, nikajaribu kuitoa kwenye hesabu, haikubadilisha kitu. Nikaogopa kumdanganya kuliko nilivyoogopa kumuumiza.

"Palepale," nikasema.

Yusta alifunga bomba. Alikaa akitazama maji yanavyoondoka kwenye sinki, kisha akajifuta mikono kwenye ule mtandio wa watu.

"Wewe mkweli," alisema. "Mzee alikupendea hilo, na mie pia. Lakini siku ile sikuwa natafuta hakimu, Mwaju. Nilikuwa natafuta mtu wa upande wangu."

Alipanga vikombe kwenye sinia, akamimina chai, akalinyanyua kwa mikono yote miwili akaingia nalo kwa wafiwa. Mlango aliuacha wazi. Huenda ni kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, nikiangalia ule uwazi, mpaka mwanamke mmoja aliyetaka maji akaniomba nimpishe.